Nimeficha matokeo ya Kijerumani, mama bado anasubiri

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, naishi na mama na wadogo zangu wawili hapa Ngamiani, Tanga. Stashahada ya uuguzi ninayo huu mwaka wa tatu, ajira sijapata. Najitolea kwenye kituo kimoja cha afya, napewa nauli, na siku nyingine chakula cha mchana. Nakuandikia usiku wenzangu wamelala. Jina langu tafadhali usiliweke.

Mwaka jana mwanzoni nilisikia kwa watu niliosoma nao kwamba Ujerumani wanatafuta wauguzi, na cha kwanza kinachotakiwa ni lugha. Darasa la bei ninayoiweza sikulipata, nikaanza na simu. Nina programu ile ya kama mchezo: inakuonyesha neno, unabonyeza jibu, ukipatia inalia kengele. Inanifundisha Kijerumani kwa Kiingereza, kwa hiyo kila neno linapita mlango wa jirani kabla halijafika kwangu. Hata hivyo sijaruka siku. Jana nimefikisha siku 431 mfululizo. Nina makundi mawili ya WhatsApp, video za YouTube, na daftari tatu zimejaa. Mimi na wadogo zangu tunalala chumba kimoja, basi nasoma usiku na hedifoni, shuka nimejifunika. Mchana nikijaribu kutamka wananiiga, "ish, ish, ish", mpaka jirani anacheka dirishani, nanyamaza.

Mama anauza vitumbua. Alipoona sitanii, alichukua mkopo kwenye kikoba chao, laki sita, nikafanye mtihani wa Kijerumani wa B1, kiwango cha kati, huko Dar: ada, nauli, na chochote cha kumwachia binamu yangu wa Temeke aliyenilaza. Alfajiri ya safari alinisindikiza stendi na vitumbua vya moto kwenye mfuko, na kila aliyetusalimia alimwambia, "Mwanangu anakwenda kwenye mambo yake ya Ujerumani." Tangu siku hiyo mtaani naitwa Mjerumani.

Matokeo yalitoka. Kusoma 77, kuandika 68, kusikiliza 47, kuzungumza 52. Kupita ni 60.

Kwenye kusikiliza nilisikia "halb neun", neno kwa neno "nusu tisa", na karatasi ikasema saa 9:30, nikaweka alama ya kweli. Hapohapo nikaingiwa na shaka, nikawa naigeuzageuza ile nusu kichwani, huku mazungumzo yanaenda. Nilipozinduka walikuwa mada nyingine. Kuzungumza ndiyo aibu yenyewe. Nilipangwa na kijana wa Arusha anayetembeza watalii. Tukaambiwa tupange kwenda kumtazama rafiki aliyelazwa hospitali. Shangazi, mimi ni muuguzi! Mada ya hospitali, na nilichokitoa mdomoni ni "Ja, gute Idee", ndiyo, wazo zuri. Nimehesabu baadaye, nilisema mara tano. Yule kijana aliniandikia wiki iliyofuata kuniuliza nimepata ngapi. Yeye kaangusha kuandika. Sijamjibu mpaka leo.

Mama nimemwambia matokeo hayajatoka. Hii ni wiki ya saba. Kila Jumamosi anapeleka marejesho ya kikoba, na kila Jumamosi akirudi ananitazama tu, hasemi.

Sasa kuna mtu anajiita wakala. Anasema kwa milioni moja na laki mbili "atazimaliza" zile sehemu mbili, cheti kitoke kimekamilika. Mama hajui habari hiyo, lakini nimemsikia akimwambia jirani kwamba ikibidi kukopa tena kwa ajili yangu atakopa, hata kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Dada yangu aliyeolewa Muheza ndiye pekee anayejua ukweli. Yeye anasema niachane nayo, nisubiri ajira za serikali.

Je, kichwa changu hakifai lugha? Nimwambie mama, au nirudie kimyakimya kwanza? Na huyo wakala, ni kosa kweli ikiwa nusu ya mtihani nimeshashinda kwa jasho langu?

Mjerumani wa Ngamiani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa Jumamosi hizo saba. Kutazamwa na mama asiyeuliza ni kuzito kuliko kuulizwa.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ukiitazama juujuu ni barua ya mtihani, lakini humo ndani kuna mambo matatu yaliyofungwa kitita kimoja: Kijerumani, deni, na siri. Kila ukiligusa moja, mengine mawili yanavuta. Ukifungua daftari unamwona mama, ukimwona mama unamkumbuka wakala. Niruhusu nikifungue kitita hicho polepole, na nianze na Kijerumani kwa sababu ndicho chepesi zaidi, ingawa wewe unakiona ndicho kigumu.

Unaniuliza kama kichwa chako kinafaa. Mtu aliyejifunza peke yake, kwa simu, kwa kupitia lugha ya tatu, akapata 77 kwenye kusoma na 68 kwenye kuandika, kichwa chake kina tatizo gani? Halafu umeandika kana kwamba umeanguka mtihani mzima. Goethe-Zertifikat B1, ndio huo mtihani wako, ina sehemu nne, na kila sehemu inasimama kwa miguu yake. Uliyoipita umeipita, cheti chake kinatolewa. Iliyokushinda unairudia hiyo tu, na ada unalipia hiyo tu. Kwa hiyo mlima uliobaki mbele yako ni dakika 40 za kusikiliza na dakika 15 za kuzungumza, tena hizo 15 mnagawana watu wawili. Sikwambii ni mchezo. Nataka tu uuone mlima kwa kimo chake. Ukipiga simu kituo cha mtihani, uliza pia vyeti hivyo vya sehemu vinaunganishwaje na kwa muda gani, ili upange tarehe yako ukijua.

Sasa nikuoneshe sentensi iliyonishika. Haikuwa ile ya wakala. Ni pale uliposema unasoma usiku, hedifoni masikioni, umejifunika shuka, na mchana wakikucheka unanyamaza. Mwanangu, katika siku hizo 431, ni siku ngapi umesema Kijerumani kwa sauti, mtu mwingine akasikia, akakujibu? Nimetafuta kwenye barua yako yote. Nimeikuta mara moja tu: siku ya mtihani, mbele ya watahini wawili.

Ile programu unayoisifu imekulea vizuri, siibezi. Lakini tazama inavyofanya kazi. Inakuwekea maneno, wewe unachagua. Unaweza kufikiri dakika nzima, haichoki. Ukikosa inakurudishia. Huko ni kutambua, na kutambua ndiko kunakokusaidia kusoma. Mtu wa kuzungumza naye hakuwekei maneno manne uchague moja, na hakusubiri. Ndiyo maana "gute Idee" ilitoka mara tano: lilikuwa ndilo fungu pekee lililokwishazoea kupita mdomoni. Maneno ya hospitali ulikuwa nayo, yamelala kwenye daftari.

Na ile "halb neun", acha nicheke kidogo, usiudhike. Mjerumani akisema hivyo anamaanisha nusu ya kuielekea tisa, yaani 8:30, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu. Wewe umesikia tisa, umesikia nusu, ukaweka nusu baada ya tisa kama tufanyavyo sisi. Zaidi ya hapo kichwa cha Mswahili kina saa yake, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo kila saa ya ukutani unaigeuza mara mbili kabla hujajibu. Hilo halihitaji akili ya ziada. Linahitaji wiki moja ya kutazama saa ya simu na kuitaja kwa sauti, kila unapoitazama, mpaka kugeuza kuishe.

Kuna jambo wanaojifunza kwa Kiingereza hawaambiwi: sisi tunaingia kwenye Kijerumani na mtaji. Wenzetu wanalia na der, die, das, vile vineno vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake. Wewe umezaliwa ndani ya ngeli. Unajua bila kufundishwa kwamba umeme "umekatika" na maji "yamekatika", na mtu akichanganya sikio lako linawasha. Ukilishika neno pamoja na ngeli yake toka siku ya kwanza, halikusumbui. Kama ulisoma chuo cha Kurani utotoni, kama watoto wengi wa Ngamiani, ile kha uliyofundishwa kwa kiboko ndiyo iliyomo kwenye "Nacht" na "Buch". Na kule kutaja moja kwanza halafu ishirini, einundzwanzig, ni wahid wa ishirin ya ustadh wako. Jaribu basi kuandika kadi zako mwenyewe, Kijerumani upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, hicho Kiingereza kipumzike.

Vya bure vipo, na huhitaji bando kubwa. Deutsche Welle, haohao ambao baba yangu alikuwa akiwasikiliza redioni kwa Kiswahili baada ya alasiri, wana kozi ya video inayoitwa Nicos Weg, kutoka A1, kiwango cha mwanzo kabisa, hadi B1, na wana taarifa ya habari inayosomwa polepole pamoja na maandishi yake. Goethe-Institut wenyewe, taasisi inayotoa mtihani huo, wanaweka mitihani ya mfano kwenye tovuti yao, na sauti zake. Lakini ukiupakua huo wa kusikiliza, usiusimamishe katikati. Mtihani wa B1 una vipande vinne, cha kwanza na cha mwisho unasikilizishwa mara mbili, viwili vya katikati mara moja tu. Jizoeze pia kuliacha lililokupita. Swali moja lilikukosesha mengine kwa sababu ulibaki nalo.

Na kituoni kwako, unapopanga trei asubuhi, ita vitu kwa majina yake: die Spritze, sindano; der Verband, bandeji; das Thermometer, kipimajoto. Unapopima presha, sema der Blutdruck. Wagonjwa watadhani unasoma dua. Wadogo zako nao, badala ya kuwakimbia, wape kazi. Wape karatasi ya maswali wakusomee vibaya wanavyotaka, wewe ujibu. Anayekucheka ukiwa unaongea bado ni msikilizaji.

Tuje kwa wakala.

Unauliza kama ni kosa ikiwa nusu umeshinda mwenyewe. Nadhani ungekuwa na amani na jibu la "hapana" usingeniuliza. Kughushi cheti ni kosa la jinai, hilo halina nusu. Kwenye mahojiano ya viza ofisa anaweza kukuanzia kwa Kijerumani, na ikigundulika, mlango unaofungwa ni ule halali uliokuwa tayari nusu wazi, pamoja na jina lako kwenye taaluma ya uuguzi. Milioni na laki mbili hazirudi, na kausha damu haisikilizi hadithi. Hayo ni ya karatasi. Lakini tuseme kila kitu kimepita salama. Umefika, uko wodini zamu ya usiku, na bibi wa miaka 80 anakwambia kwa sauti ya chini, "Mir ist schwindlig." Anasikia kizunguzungu, anataka kushuka kitandani. Ile sehemu unayotaka inunuliwe ni ileile ya kumsikia bibi huyu. Wewe ni muuguzi, mimi si muuguzi, kwa hiyo nakuachia mwenyewe uendelee na hadithi hiyo.

Tena ujue B1 si mwisho wa safari. Leseni ya kufanya kazi kama muuguzi kamili kule hudai B2, kiwango kinachofuata B1, na nyaraka zako za stashahada kutambuliwa. Wako wanaochagua kuanza upya na mafunzo ya kazi ya miaka 3 kama wanafunzi, na huko mara nyingi mwanzoni hutakiwa angalau B1. Hizi ni njia mbili tofauti, kwa gharama tofauti na umri tofauti. Umeshaamua unafuata ipi? Kwenye barua hukusema. Anayekwambia "cheti tu kikitoka umemaliza" ama hajui ama anajua sana.

Dada yako wa Muheza usimpuuze. Kusubiri ajira huku ni njia, na hatari yake unaijua kwa miaka mitatu. Lakini yeye anaposema "achana nayo", je, anakiona Kijerumani hakifai, au anamhurumia mama? Muulize. Tena si lazima uchague kimoja: maombi ya ajira yanaweza kwenda, na Kijerumani kikaendelea kila siku nusu saa, bila tarehe ya mtihani kukukaba shingo.

Na kabla sijafika kwa mama, niulize swali ambalo huenda litakuudhi. Katika barua yote umeandika wenzako wamesema, mama amekopa, mtaa unakuita, wakala anasema. Sikuona mahali ulipoandika "nataka kwenda". Inawezekana unataka sana kiasi kwamba hukuona haja ya kuandika. Inawezekana pia ulianza kwa hamu, safari ikachukuliwa na wengine, wewe ukabaki kuibeba tu. Mimi siwezi kujua. Ila mtu anayerudia mtihani kwa sababu anataka, na anayerudia kwa sababu anaogopa Jumamosi, hawasomi kwa namna moja.

Mama sasa. Unaweza kurudia kimyakimya, upite, umletee cheti, siri ife yenyewe. Ni tamaa inayoeleweka, na huenda ikafaulu. Hatari yake ni kwamba ada ya sehemu hizo mbili utaitoa wapi bila yeye kujua? Na uongo wa "hayajatoka" una umri wake. Wiki ya saba bado unasimama. Wiki ya kumi na tano mtu mmoja wa Dar atamwambia mama yako kwamba matokeo hutoka mapema kuliko hivyo. Atakapojua kwa mdomo wa mwingine, kitakachomuuma hakitakuwa 47 wala 52.

Kumwambia nako kuna hatari, nisikufiche. Anaweza kuvunjika moyo. Anaweza, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kusikia habari za wakala na kukimbilia huko yeye mwenyewe kwa mapenzi, aende akakope. Kwa hiyo ukiamua kusema, usimpelekee maneno matupu. Mpelekee ile karatasi. Mwoneshe 77 na 68 kwa kidole, kisha 47 na 52, umweleze kwamba kinachorudiwa ni nusu tu, ada yake ni hii, na kwamba unahitaji miezi kadhaa ya kufungua mdomo kabla ya kulipa tena. Fanya hivyo siku isiyo Jumamosi. Kama unaona ni kuzito, mwite dada yako aje siku hiyo akae tu karibu, hata asiposema kitu. Na zungumzeni deni kama deni: limebaki kiasi gani, na wewe kwenye posho yako unaweza kuchangia hata elfu tano kwa wiki? Mama anaweza kuzikataa. Atajua bado mko pamoja kwenye mzigo.

(Neno "hela" lenyewe, ukitaka kujua, tulirithi kwao, ni ile Heller yao ya zamani. Na "shule" vilevile. Mwambie mama kwamba vitumbua vyake vimekuwa vikiuzwa kwa Kijerumani siku zote, labda atatabasamu.)

Limebaki moja, dogo. Yule kijana wa Arusha. Yeye kaangusha kuandika, wewe umepita. Wewe umeangusha kuzungumza, na yeye, kwa ulivyomweleza, mdomo anao, watalii wamemnoa. Mnatafuta vitu ambavyo kila mmoja wenu anavyo. Nusu saa ya simu mara mbili kwa wiki, wewe unamsahihishia barua pepe yake ya maneno 80, yeye anakulazimisha kupanga tena ile safari ya kumtazama mgonjwa, mpaka useme kitu kingine zaidi ya wazo zuri. Sijui kama atakubali, na wewe pia una haki ya kutotaka. Lakini aliuliza, na swali lake liko kwenye simu hiyohiyo unayoifungua kila usiku. Alama zako si lazima uzitaje. Mwandikie "Hallo" kwanza, halafu mpe nafasi akupigie. Ukipokea, toa hedifoni, kaa nje barazani.